Mji Ukishaanguka

Nikimwambia mtu hapa Mwanza kwamba natoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, swali la kwanza huwa lile lile: vita vimeisha? Huniuliza dereva wa bodaboda pale Pasiansi, huniuliza mama anayeniuzia mchicha Kitangiri, na aliwahi kuniuliza hata ofisa aliyekuwa akigonga muhuri kwenye kibali changu. Wanauliza kwa nia njema. Wamezoea kusikia Kongo ikitajwa bunduki zinapolia. Zikinyamaza, redio inahamia kwenye bei ya pamba au mechi ya Simba na Yanga. Nimefanya kazi redioni miaka mingi, najua taarifa ya habari inavyopangwa, kwa hiyo siwalaumu. Lakini kuishi huku ugenini kumenifundisha jambo ambalo nikiwa kwetu, katikati ya purukushani, nililiona kwa kupitia tu. Mji ukitekwa, habari ya vita ndiyo kwanza inaanza, na wakati huo huo ndipo waandishi wengi wanapofunga mabegi yao na kuondoka.

Bukavu imeanguka mara nne nikiwa hai. Oktoba 1996, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, waliingia AFDL, waasi wa Laurent-Désiré Kabila, na katika siku zile zile Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa pale Nyawera. Agosti 1998 waliingia RCD, waasi walioungwa mkono na Rwanda. Juni 2004 Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi, makamanda walioasi jeshi la Kongo, waliushika mji kwa siku chache, wakaondoka, wakaacha wanawake waliobakwa na maduka matupu. Februari 2025 wakaja waasi wa M23. Kwetu watu huhesabu umri wa watoto kwa matukio hayo: huyu alizaliwa RCD walipoingia, yule alikuwa tumboni wakati wa Mutebutsi.

Nikikumbuka miaka ya RCD, milio ya risasi siyo inayonijia kwanza. Namkumbuka mama, ambaye alikuwa akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, soko la Kadutu, akirudi jioni na kuzipanga pesa mafungu mafungu juu ya mkeka. Fungu la mwenye mtumbwi. Fungu la ushuru wa soko. Fungu la askari wa barabarani, ambalo halikuwa na risiti. Na fungu letu, ambalo ndilo lililokuwa likipungua kila mwezi. Mwaka 1999 watawala hao waliifunga Radio Maendeleo, redio ya watu wa Bukavu, na baba aliendelea kuzungusha kitufe cha redio kila asubuhi kana kwamba siku moja ingejirudia yenyewe. Hakuna mwandishi wa nje aliyekuja kuandika juu ya mafungu yale ya pesa. Vita vilikuwa pale mkekani, nyumbani kwetu, usiku baada ya usiku, kwa miaka.

Hapo ndipo nilipopendea kazi hii. Na kazi hii kwetu ina makaburi. Serge Maheshe wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, aliuawa Bukavu Juni 2007. Didace Namujimbo, wa redio hiyo hiyo, akauawa Novemba 2008, karibu na kwake. Sisi tulioingia kwenye fani baada yao tulifundishwa kutorudi nyumbani kwa njia moja siku mbili mfululizo, kabla hatujafundishwa kushika kinasa sauti.

Mimi niliondoka kabla mji haujatekwa safari hii ya mwisho. Nilikuwa na kipindi cha asubuhi cha wanawake wa sokoni, na tulitumia majuma kadhaa kuzungumzia vizuizi vya barabarani: nani anasimamisha gunia la makaa, nani anasimamisha beseni la mihogo, kila mmoja anadai kiasi gani, na pesa inakwenda wapi. Wenye silaha waliohusika walikuwa wa pande zaidi ya moja, na hilo ndilo lililowaudhi wote. Ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu. Mmoja ulitaja rangi ya sare ya shule ya mwanangu. Sikusubiri wa pili wa namna hiyo.

Nilikuja Mwanza kwa sababu mjomba yuko hapa. Ni mfanyabiashara wa dagaa, amezeekea katika biashara hiyo, na kila alfajiri utamkuta Mwaloni, Kirumba. Wiki za kwanza nilimfuata huko kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Baadaye nikawa namfuata kwa kuwa niligundua kwamba pale ndipo penye habari za nyumbani. Boti zinaingia kutoka visiwani, kutoka Ukerewe na Ukara na kwingineko, zimejaa magunia mpaka ukingoni. Kuli wanashusha. Wanawake wameketi chini na nyungo, wanapepeta mchanga, wanatenga. Mjomba hupitisha mkono ndani ya gunia mpaka kiwikoni, anachota, anakunja ngumi na kusikiliza. Dagaa aliyekauka vizuri hukatika kwa mlio. Mwenye unyevu hujikunja tu, na huyo hatafika Kongo, ataoza njiani. Aliyenyeshewa mvua wakati wa kuanikwa huwa wa njano. Huyo huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Gunia lililofaulu hushonwa mdomo kwa kamba, huandikwa herufi za mwenyewe kwa rangi, na huanza safari: Kigoma, halafu Ziwa Tanganyika hadi Uvira upande wa Kongo, halafu barabara ya Bonde la Ruzizi mpaka Bukavu.

Baada ya Februari 2025 barabara hiyo ilikatika katikati. M23 walikuwa Bukavu na Kamanyola, Uvira ilibaki kwa serikali. Gunia lile lile, la mtu yule yule, likawa na watoza ushuru wa aina mbili ambao hawatambuani. Wanunuzi kutoka Kongo waliokuwa wakijaa kwenye gesti za Kirumba wakapungua. Waliobaki walikaa kwenye viti vya plastiki na simu masikioni, wakiuliza swali ambalo hukulisikia kwenye redio yoyote: leo kizuizi cha mto Ruzizi kinalipisha nani, kwa pesa ipi? Nilikuwa na daftari. Nikaanza kuandika.

Nirudi nyuma kidogo, maana wengine wanaosoma hapa huenda wamesahau mfuatano wake. M23 walizaliwa mwaka 2012 kutokana na maasi ndani ya jeshi la Kongo, wakajiita kwa tarehe ya mkataba wa Machi 23, 2009 ambao walisema serikali haikuutimiza. Novemba 2012 waliiteka Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, kwa siku kama kumi. Walipigwa na kuvunjwa Novemba 2013. Wakaibuka tena mwishoni mwa 2021, wakateka Bunagana, mpakani na Uganda, Juni 2022, wakasonga polepole kuizunguka Goma, na mwishoni mwa Januari 2025 wakaingia. Wiki mbili na siku chache baadaye walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na Februari 16 Bukavu ikawa mikononi mwao. Goma ilianguka kwa damu nyingi. Ofisa wa Umoja wa Mataifa alizungumzia miili karibu 2,900. Miongoni mwa waliokufa katika mapigano ya kuizunguka Goma walikuwamo askari 14 wa Afrika Kusini, 3 wa Malawi na 2 wa Tanzania. Bukavu ilianguka bila mapigano makubwa ndani ya mji; jeshi lilikuwa limeshaondoka, watu wakaamka kukiwa na askari wengine barabarani.

Kwa hiyo, kwa mizani ya vyumba vya habari, kuanguka kwa Bukavu kulikuwa habari ndogo kuliko kuanguka kwa Goma. Maiti zilikuwa chache. Wenzangu wa mashirika makubwa walinipigia kwa siku kadhaa, wakitaka mtu wa kuzungumza, wakitaka picha. Halafu simu zikaacha. Hapo hapo ndipo sauti za Bukavu zilipoanza kunijia kwa wingi.

Zinakuja usiku, bando linapokuwa la bei nafuu. Voisi za WhatsApp, fupi fupi. Shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi, huanza zote namna moja: "Mwanangu, tuko tu." Halafu anaeleza. Mabenki yalifungwa mji ulipotekwa na Kinshasa haikutaka yafunguke chini ya waasi. Mshahara wa mwalimu ukawa unatumwa kwa simu, lakini simu haina noti. Noti anazo wakala, na wakala hana za kutosha, kwa hiyo anakata anachotaka. Hakuna noti mpya zinazoingia kutoka benki kuu, hivyo faranga zilizopo zinachakaa mkononi. Alinitumia picha ya noti yake. Ilikuwa imeungwa kwa gundi ya karatasi katikati, kona moja haipo, na tarakimu zimefifia kama zimefuliwa. Muuza unga alikuwa ameikataa. Mwenye daladala ameikataa. Alikwenda nayo kwa mbadilishaji wa pesa, akapewa chini ya thamani yake, ndipo akanunua unga. Mtu huyu hakupigwa risasi. Hayumo katika takwimu yoyote. Lakini ukitaka kujua vita vinamfanyia nini mwalimu wa Bukavu, ishike noti ile uitazame vizuri.

Nimejifunza kuuliza maswali ya namna hiyo. Mwanzoni wasimamizi wangu, kwa maana bado nafanya kazi na redio inayosikika mashariki mwa Kongo, walitaka nijue nani kasonga mbele na nani karudi nyuma. Hilo wapo wa kulifuatilia. Mimi nauliza: nani anakusanya takataka sasa? Mtu akiibiwa kuku anakwenda kushtaki wapi? Jumamosi ya kazi ya lazima ya usafi, wanayoiita salongo, asiyekwenda anafanywa nini? Cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita kina muhuri wa nani? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayoonyesha kama waliokuja wanapita au wamekuja kukaa. Mtu anayekusudia kupita haandai daftari la kodi.

Na pesa ni kiini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa 2024 kwamba M23, baada ya kushika machimbo ya Rubaya kule Masisi, walikuwa wakipata dola zipatazo 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi ya koltani. Koltani ya Rubaya ni kama asilimia 15 ya madini ya tantali ya dunia nzima, yale yanayotumika kwenye simu na kompyuta. Hapa Mwanza kila mtu analijua hilo la madini, na mazungumzo mengi huishia hapo: "Wanagombea mali yenu." Ni kweli, ila ni kweli isiyotosha. Kodi ya koltani na kodi ya beseni la mihogo zinakusanywa na mkono mmoja. Ukiitazama ya kwanza peke yake, utadhani vita viko migodini tu na viongozi wa dunia ndio wenye navyo. Ukiitazama ya pili, utaona viko kwenye kila njia panda, na kwamba vilikuwapo hata kabla M23 hawajaja, chini ya sare nyingine.

Kazi yenyewe, kwa mwandishi aliye mbali, ina ugumu ambao sikuujua nikiwa Bukavu. Mimi niko salama. Anayenieleza hayuko salama. Nikikosea tahadhari, atakayefuatwa nyumbani usiku ni yeye. Kwa hiyo nina masharti yangu, na siyavunji kwa ajili ya habari yoyote. Simwombi mtu apige picha ya askari, wala kizuizi, wala gari. Akinitumia bila kuombwa, namwambia afute kwake kabla sijaendelea. Sitaji mtaa pale mtaa wenyewe una mwalimu mmoja au muuguzi mmoja. Jambo moja nalisikia kwa watu wawili wasiojuana kabla sijaliandika, na ikiwa wote wawili walilisikia kwa mtu wa tatu, basi bado nina shahidi mmoja tu. Wakati mwingine habari ni nzito, ni ya kweli, najua ni ya kweli, na siitangazi kwa kuwa walioishuhudia ni wachache mno. Hukaa kwenye daftari, na tarehe yake. Hizo ndizo zinazonikosesha usingizi.

Kuna pia uongo, na uongo unasafiri. Siku chache baada ya Bukavu kutekwa, picha ya maiti kando ya barabara ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakongo wa hapa Mwanza, ikisemekana ni Kadutu. Watu walilia. Mke wa mjomba aliniletea simu akitetemeka, akitafuta kama kuna anayemfahamu. Niliikuza picha. Nyuma kulikuwa na magari mawili yakija kwa mfuatano, yameshika upande wa kushoto wa madereva wao. Kongo tunaendesha kulia. Udongo ulikuwa wa kichanga, tambarare mpaka mwisho wa macho, na Bukavu hakuna mahali utakapopiga picha usione mlima. Nilimwonyesha vitu hivyo kimoja kimoja, akakaa chini, akanywa maji. Wale waliokufa kwenye picha walikuwa watu wa mahali fulani, na wao pia walistahili kuliliwa kwa majina yao.

Uongo mwingine haukuzwi kwa vidole. Ni ule wa kusema kundi fulani la watu ndilo ugonjwa wenyewe. Katika mikusanyiko yetu hapa, kwenye msiba au kipaimara, husikika mtu akisema Banyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, si Wakongo, waende kwao. Huwa sinyamazi. Bukavu tulipakana na familia ya Banyamulenge. Mama yao na mama yangu walikopeshana chumvi, mkaa na pesa ya hospitali. Juni 2004, baada ya Nkunda na Mutebutsi kuondoka, walivuka kwenda Rwanda na nguo walizovaa, wakihofia kisasi cha watu wa mtaa wetu wenyewe. Watoto wale walikuwa wamefanya nini? Nafasi ya uraia wa Wakongo wenye asili ya Rwanda imechezewa na wanasiasa tangu zamani. Sheria ya mwaka 1981 iliwavua wengi wao uraia waliokuwa nao. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, watu zaidi ya milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Zaire, jina la Kongo wakati huo, na ndani yao walikuwamo wauaji wenye silaha. Rwanda inasema mpaka leo kwamba inajilinda dhidi ya mabaki yao, FDLR. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya 2024, walikadiria askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo wakipigana bega kwa bega na M23, Kigali inakanusha. Mimi nayaamini maandishi ya wataalamu hao, na wakati huo huo nitamtetea jirani yangu Munyamulenge mbele ya yeyote. Sioni mgongano wowote kati ya hayo mawili. Serikali inaweza kushtakiwa, kabila haliwezi.

Kusema hivyo kunakuletea maadui kila upande. Upande wa waasi, mwandishi anayebaki anaandika chini ya mtutu. Upande wa serikali, Januari 2025, waziri wa sheria alitangaza kwamba atakayeeneza habari za M23 na jeshi la Rwanda atakabiliwa na sheria kali, hadi adhabu ya kifo. Wenzangu waliobaki Goma na Bukavu wanafanya kazi katikati ya hayo mawili. Nikisikia mtu hapa akisema waandishi wa Kongo wamenunuliwa wote, natamani akae nao siku moja.

Mzee mmoja jirani yetu, askari mstaafu, hunialika kahawa kibarazani kwake. Alikuwa kijana wakati wa vita vya Kagera. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba hata Mwanza ilidondoshewa mabomu: Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin, ililenga mji huu, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Hunyoosha kidole kuelekea ziwani anaposimulia. Siku moja aliniuliza kwa uchungu wa kweli, "Mwanangu, sisi tulivamiwa Oktoba, Aprili tukawa tumeingia Kampala. Ninyi miaka thelathini hii, kwa nini hamumfukuzi adui yakaisha?"

Nilimwambia kwamba tuliwahi kumfukuza, na Watanzania walikuwapo. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi maalumu ya kushambulia, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Pamoja na jeshi la Kongo wakawapiga M23, na Novemba mwaka ule wakawatoa katika vilima vya mwisho. Goma walicheza barabarani. Nilikuwa redioni, tulipiga muziki mchana kutwa. Desemba, Nairobi, zikasainiwa hati: wapiganaji wapokonywe silaha, wasio na hatia warudishwe, wakimbizi warejee makwao, yachunguzwe malalamiko. Halafu wageni wakaondoka, kamera zikaondoka, na ahadi zile zikalala. Wapiganaji walikaa makambini Uganda na Rwanda miaka na miaka. Wakimbizi hawakurudi. Nani alikuwa akiuliza kila mwezi utekelezaji umefika wapi? Mimi sikumbuki mpango wa habari uliowekwa kwa ajili hiyo popote. Miaka minane baadaye M23 wakarudi na silaha bora kuliko za mwanzo. Mzee alinyamaza, akaniongezea kahawa, akasema, "Sisi huku tulijua mmeshinda."

Ndiyo maana siku hizi nasoma mikataba kwa jicho jingine. Juni 27, 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini Washington. Julai 19 serikali na M23 walisaini tamko la misingi huko Doha. Desemba 4 marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walikutana Washington, wakasaini mbele ya Rais Trump. Siku chache baada ya wino huo, M23 waliingia Uvira. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Burundi, na Mwaloni Kirumba magunia ya mjomba yaliyokuwa tayari yamefika Kigoma yakarudishwa stoo. M23 walitangaza baadaye kwamba wangeondoka Uvira kwa ombi la Marekani, na simu za mashirika makubwa zikaanza kulia tena, kisha zikaacha tena.

Sina kinyongo na mikataba. Nataka isainiwe, nataka idumu. Lakini nimeamua kwamba sehemu yangu ni zile kurasa za mwishoni ambazo hakuna anayezisoma kwenye mkutano wa waandishi: nani atarudisha daftari la kodi, nani atalipa mishahara ya miezi iliyopotea, mtihani alioufanya mtoto chini ya waasi utatambuliwa na nani. Ukiwa mbali unaweza kuzifuatilia hizo kwa utulivu ambao aliye ndani hana, mradi usisahau kwamba kila sentensi unayoiandika ina mwenyewe aliyeko kule.

Kwa sasa ninafuatilia habari ya mjane mmoja wa Bagira, sehemu ya Bukavu. Kiwanja alichoachiwa na mumewe kina hati ya serikali, na sasa kuna mtu mwingine amekuja na hati mpya ya kiwanja hicho hicho, yenye muhuri wa ofisi iliyowekwa na M23. Nimemwomba asinitumie picha ya karatasi zote mbili kwa pamoja. Anisomee tu tarehe na namba kwa sauti, siku tofauti. Ameshanisomea ya kwanza. Hapa Mwanza nimempata mwanasheria Mkongo anayeijua sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1973, na Alhamisi tutakaa naye anieleze mjane huyo, siku utawala utakapobadilika, atatakiwa kuonyesha nini na kwa nani.